Xubuntu imeng'ang'ania 800 kwa 600 ndani ya VirtualBox: nifanyeje?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma kompyuta hapa Dodoma. Nina laptopu ya mtumba ya HP, RAM GB 8, Windows 10, na kioo chake ni 1366 kwa 768. Nimeweka VirtualBox 7.0, ile programu ya kuendesha kompyuta pepe ndani ya Windows, na ndani yake Xubuntu 22.04, ambayo ni aina ya Linux. Siku ya kuinstoli kioo kilikuwa cheusi tupu, rafiki yangu akaniambia nichague "safe graphics", ikakubali. Sasa Xubuntu imeng'ang'ania 800 kwa 600. Nimeweka Guest Additions, zile programu za ziada za VirtualBox zinazokaa ndani ya Xubuntu, na kunakili maandishi kutoka Windows kwenda Xubuntu kunafanya kazi, ila nikivuta dirisha la mashine kioo cha ndani hakibadiliki. Nimejaribu xrandr, amri ya kubadilisha ukubwa wa kioo, kama wanavyoelekeza YouTube, inaniletea "Failed to get size of gamma for output default", na nikiendelea inasema BadMatch. Nimeshafuta na kuinstoli upya mara mbili, bando limeisha, na wiki ijayo natakiwa kuonyesha kazi yangu darasani. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa bando. Usifute tena. Mashine yako ni nzima, na yote uliyokwisha kuifanya yanatufaa. Marekebisho nitakayokupa hayatumii hata MB moja ya intaneti.

Umefanya jambo zuri kuniandikia ujumbe wa kosa jinsi ulivyo, neno kwa neno. Wengi huniambia "kioo kinagoma" wakaishia hapo, ikabidi niwaulize maswali siku nzima. Wewe umeniachia alama tatu: lile neno default, ile safe graphics, na kunakili maandishi kunakofanya kazi. Ukiziweka pamoja, zote zinaelekea mahali pamoja.

Laptopu yako ilijuaje kwamba kioo chake ni 1366 kwa 768? Kioo chenyewe kiliiambia. Kila kioo cha siku hizi kina kumbukumbu ndogo ndani yake iitwayo EDID, na kompyuta ikiwashwa kadi ya picha huisoma kupitia waya: mimi ni kioo cha aina fulani, pikseli zangu ni hizi kwa upana na hizi kwa kimo, nionyeshe mara 60 kwa sekunde. Kadi ikishasoma, draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, inapanga resolusheni inayofaa, yaani idadi ya pikseli kwa upana na kimo. Ndiyo maana ukichomeka kioo kipya hujazi fomu yoyote.

Mashine pepe haina kioo. Kilichopo ni dirisha ndani ya Windows, na dirisha unaweza kulivuta, kulibana au kulijaza kioo kizima dakika yoyote. Xubuntu humo ndani ni kama mgeni aliyelazwa chumba kisicho na taa: hajui kuta ziko wapi mpaka mwenyeji amwambie. Ili amwambie, vitu viwili lazima viwepo kwa pamoja. Cha kwanza ni draiva ya ile kadi ya picha ya kuigiza, yaani uwezo wa mgeni kubadilisha resolusheni. Cha pili ni mjumbe wa kuleta habari kwamba dirisha sasa lina ukubwa huu, na huyo mjumbe ndiye anayekuja na Guest Additions.

Watu karibu wote wanaokwama kwenye resolusheni wamekosa kimoja kati ya hivyo viwili, na dalili zake hazifanani. Aliyekosa mjumbe, akifungua mipangilio ya Display ndani ya Xubuntu ataona orodha ndefu ya ukubwa: 800 kwa 600, 1024 kwa 768, 1280 kwa 800 na kuendelea. Akichagua mmoja kwa mkono unakubali. Ila akivuta dirisha hakuna kinachotokea. Aliyekosa draiva haoni orodha yoyote. Anaona ukubwa mmoja tu, na hata afanye nini hautoki.

Wewe umekosa draiva. Kunakili maandishi kunafanya kazi, maana yake Guest Additions wako hai na wanazungumza na Windows. Habari kwamba dirisha limevutwa inatumwa, ila ndani hakuna mwenye uwezo wa kuifanyia kazi. Na hapo ndipo lile neno default linaponiambia mengi. Xorg, programu inayochora kioo katika Xubuntu yako, ikikuta draiva halisi ya kadi ya VirtualBox huita tundu la kioo kwa jina linaloanza na Virtual. Ikikosa draiva, inaridhika na kile kipande cha kumbukumbu kilichotengwa wakati mashine inawaka, chenye ukubwa mmoja usiobadilika, na inakiita default. Andika xrandr tena uangalie mstari unaoanza na Screen 0. Nadhani utaona hivi:

Screen 0: minimum 800 x 600, current 800 x 600, maximum 800 x 600

Cha chini, cha sasa na cha juu vyote ni namba ileile. Hapo hata uandike amri ishirini za kuongeza ukubwa mpya, hakuna pa kuuweka, na BadMatch ndiyo njia yake ya kukwambia hivyo. Zile video za YouTube hazikukudanganya, ila zinasaidia mtu mwenye draiva, na wewe draiva imefungiwa nje.

Aliyeifungia ni safe graphics. Ukichagua mstari ule kwenye menyu ya kuinstolia, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, huongezewa neno moja wakati wa kuwaka: nomodeset. Maana yake ni kwamba draiva za picha zisiguse upangaji wa resolusheni. Neno hilo ni la msaada wa dharura, la kumfikisha mtu kwenye eneo-kazi pale ambapo draiva inaleta matata, baada ya hapo linatakiwa kuondoka. Kwako inaelekea limebaki. Draiva ya kadi yako inaitwa vmwgfx, imo ndani ya kerneli ya Xubuntu siku zote, na ikikuta nomodeset inakataa kufanya kazi. Hakikisha mwenyewe. Fungua Terminal uandike:

cat /proc/cmdline

lsmod | grep vmwgfx

Ya kwanza inaonyesha maneno yote ambayo kerneli ilipewa ilipowaka. Mwishoni mwake tafuta nomodeset. Ya pili inauliza kama draiva imepakiwa. Ikinyamaza kabisa, ikakurudishia mstari mtupu, basi draiva haipo kazini na tumeshampata mhusika.

Usikimbilie kuliondoa neno hilo kabla ya kushughulikia kile kioo cheusi, maana usipofanya hivyo kitarudi, uingiwe na hofu ufute mashine mara ya tatu. Kioo cheusi kwenye VirtualBox, hasa kwa laptopu za mtumba zenye kadi za Intel za zamani, mara nyingi kinaletwa na kisanduku cha "Enable 3D Acceleration" kilichowekewa tiki. Kwa kazi ya darasani huhitaji 3D.

Zima Xubuntu kabisa. Ukifunga dirisha VirtualBox inakupa chaguo, na "Save the machine state" si kuzima. Mashine iliyohifadhiwa hivyo, mipangilio yake mingi inakuwa ya kijivu haiguswi, na nimeona vijana wakidhani VirtualBox yao imeharibika kumbe mashine imelala tu. Ikishazimika, nenda "Settings", kisha "Display". Ondoa tiki ya 3D. Hapohapo hakikisha "Graphics Controller" ni VMSVGA. VirtualBox ina kadi tatu za kuigiza: VBoxVGA ni ya zamani, VBoxSVGA ni ya wageni wa Windows, na VMSVGA, inayoigiza kadi ya VMware, ndiyo inayopewa wageni wa Linux. Ukiona onyo la rangi chini ya dirisha hilo likisema mpangilio haufai, lisome, usilipite.

Kisha sukuma "Video Memory" mpaka 128 MB. Hesabu yake ni rahisi. Kila pikseli inahitaji baiti 4, kwa hiyo kioo cha 1366 kwa 768 kinahitaji kama MB 4 tu, na cha 1920 kwa 1080 kama MB 8. Lakini kioo cha 4K, 3840 kwa 2160, kinataka karibu MB 32. Mtu aliyeachiwa MB 16 akanunua kioo kikubwa atashangaa kwa nini mashine yake haijai. Wewe huna shida hiyo, ila kuongeza hakukugharimu kitu cha maana na kunaondoa swali moja mezani.

Kabla hujawasha, bonyeza "Snapshots" halafu "Take". VirtualBox itahifadhi hali ya mashine ilivyo sasa, na tukikosea unarudi hapo kwa dakika moja bila kuinstoli upya. Ungekuwa na hiyo wiki iliyopita, bando lako lingekuwepo.

Sasa tunaliondoa neno kwa majaribio tu kwanza, mara moja, bila kuandika chochote kwenye diski. Washa mashine, bonyeza kipanya ndani ya dirisha lake ili kibodi iwe ya mgeni, na shikilia Shift mpaka itokee menyu nyeusi iliyoandikwa GNU GRUB juu, ambayo ndiyo inayowasha Linux. Ikikupita, washa upya ujaribu tena, inawaka haraka. Mstari wa kwanza ukiwa umechaguliwa bonyeza herufi e. Yatakujia maandishi mengi. Shuka kwa mishale mpaka mstari unaoanza na neno linux, fuata mpaka mwisho wake, utakuta nomodeset karibu na quiet splash. Lifute hilo neno tu. Halafu bonyeza F10, au Ctrl ya kushoto pamoja na X. Nasisitiza ya kushoto, kwa sababu Ctrl ya kulia VirtualBox imeichukua iwe yake na haimfikii mgeni.

Ikiwaka ukaona eneo-kazi lako, vuta pembe ya dirisha. Kioo cha Xubuntu kitazima kwa nusu sekunde, kitarudi, na paneli ya juu itajinyoosha mpaka mwisho wa dirisha. Hapo umeshapona, ila kwa muda tu, kwa sababu tulichofuta kitarudi ukizima. Kukifuta moja kwa moja, andika:

sudo nano /etc/default/grub

Tafuta mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT. Kwako pengine unasomeka "nomodeset quiet splash" au umepangwa vingine kidogo. Acha "quiet splash" ndani ya alama za kunukuu. Tazama na mstari wa chini yake, GRUB_CMDLINE_LINUX, wakati mwingine neno linajificha huko. Hifadhi kwa Ctrl na O, bonyeza Enter, toka kwa Ctrl na X, zote kwa Ctrl ya kushoto. Kisha:

sudo update-grub

Usiruke amri hii. Faili ulilohariri ni maelekezo tu, na update-grub ndiyo inayoyapeleka kwenye menyu inayosomwa wakati wa kuwaka. Washa upya, rudia ile cat /proc/cmdline, nomodeset isiwepo. Rudia lsmod, safari hii vmwgfx itajitokeza. Na xrandr itakupa tundu lenye jina la Virtual pamoja na orodha ya ukubwa.

Kama draiva imerudi na bado dirisha halivutiki, tazama juu kwenye menyu ya VirtualBox, "View", halafu "Auto-resize Guest Display". Weka tiki. Ikiwa ya kijivu, VirtualBox inakwambia haimsikii mjumbe. Kuna namna nzuri ya kumpima mjumbe bila kubahatisha, na naipenda kwa sababu inagawa tatizo katikati. Mashine ikiwa inawaka, fungua Command Prompt kwenye Windows:

cd "C:\Program Files\Oracle\VirtualBox"

VBoxManage controlvm "Xubuntu" setvideomodehint 1280 720 32

Badala ya Xubuntu andika jina la mashine yako kama linavyoonekana kwenye orodha. Amri hii inapita dirisha na kumwambia mgeni moja kwa moja: kuwa 1280 kwa 720. Mgeni akitii, basi ndani kila kitu ni kizima na tatizo liko kwenye dirisha au tiki ya "View". Akikaa kimya, tatizo liko kwake, na hakuna haja ya kuendelea kubofyabofya menyu za Windows.

Nikutahadharishe na jambo litakalokukuta siku za mbele. Xubuntu ikisasisha kerneli, Guest Additions ulioweka kwa ile CD wanatakiwa kujengwa upya kwa ajili ya kerneli mpya. Kwa kawaida wanajijenga wenyewe mashine ikiwaka, mradi vifaa vya kujengea vipo. Visipokuwepo, asubuhi moja utakuta kunakili maandishi kumekufa na dirisha halivutiki, ila orodha ya ukubwa ipo. Unaona dalili zilivyo tofauti na za leo? vmwgfx inakuja na kerneli yenyewe, kwa hiyo draiva haikufa. Aliyekufa ni mjumbe. Dawa yake ni hii, na hii ndiyo inayokula bando, kwa hiyo ifanye ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo:

sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r)

sudo /sbin/rcvboxadd setup

Ikishindikana, sababu imeandikwa kwenye /var/log/vboxadd-setup.log. Nenda mistari ya mwisho kabisa. CD yenyewe ya Guest Additions huhitaji kuipakua kamwe, ilikuja pamoja na VirtualBox yako ya Windows, iko kwenye folda ileile tuliyoingia juu, faili linaitwa VBoxGuestAdditions.iso. Na usichanganye njia mbili. Kuna watu wanaweka Guest Additions kwa CD, halafu wakisoma mahali wanaongeza kifurushi cha virtualbox-guest-x11 kwa apt. Matoleo mawili yanagombania kazi moja na matokeo hayatabiriki. Chagua moja, ubaki nayo.

Hizo xrandr na cvt, amri ya kukokotoa vipimo vya ukubwa mpya, nazo zina siku yake. Ukiwa na draiva, na unataka ukubwa maalumu usio kwenye orodha, tuseme kwa ajili ya projekta ya darasani, ndipo zinapofaa. Ila kwa kioo chako utakutana na jambo linalosumbua wengi. Ukiandika cvt 1366 768 unaletewa 1368 kwa 768. Umeomba 1366, umepewa 1368. Hujakosea kuandika: cvt inazungusha upana uwe namba inayogawanyika kwa 8, na 1366 haigawanyiki. 1368 inagawanyika, ni 8 mara 171. Vioo vya 1366 ndivyo vimejaa kwenye laptopu za mtumba tunazonunua, kwa hiyo swali hili naletewa kila muhula. Pikseli mbili za ziada upande wa kulia hazitakusumbua. Na kumbuka ulichoongeza kwa xrandr kinafutika ukitoka kwenye akaunti yako, kwa hiyo mtu anayeandika amri tatu kila asubuhi ili kioo kikae sawa, bado hajatibu ugonjwa wake.

Usitegemee pia kwamba Xubuntu itafika 768 kwa kimo ukiwa ndani ya dirisha. Paa la dirisha, menyu ya VirtualBox, mstari wa alama chini yake, vyote vina kimo chake, na mwambaa wa chini wa Windows 10 peke yake una pikseli 40. Ukitaka kioo kizima, bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na F. Ukitaka kurudi, hivyohivyo tena. Kwenye kioo kidogo kama chako mimi nafanya kazi namna hiyo muda wote, na nakushauri ufanye hivyo siku ya kuonyesha kazi yako.

Kuna wanaoniletea malalamiko ya resolusheni ambayo si resolusheni. Maandishi yamekuwa makubwa, yana ukungu kama picha iliyovutwa, na menyu ya VirtualBox imetoweka juu. Kilichotokea ni kwamba mtu alikuwa ananakili maandishi, akatumia Ctrl ya kulia na C. Kwa VirtualBox huo ni mlango wa "Scaled Mode": mgeni anabaki na 800 kwa 600 zake, ila Windows inaivuta picha ijae dirisha. Bonyeza Ctrl ya kulia na C tena, ukungu unaondoka na menyu inarudi. Kama mkono wako umezoea Ctrl ya kulia, badilisha ufunguo wa VirtualBox kwenye "File", "Preferences", "Input". Nilikuwa na binti mmoja darasani aliyekuwa anaandika kwa kutumia Ctrl ya kulia tangu utotoni, akadhani laptopu yake ina kasoro wiki nzima. Nilisimama nyuma yake nikimwangalia anavyoandika, nikaona kidole gumba kinakwenda upande ule. Ukipata tatizo linalotokea "lenyewe", angalia mikono kabla ya mipangilio.

Na kwa kuwa utawasaidia wenzako, hili la mwisho la Xubuntu lijue. Wakati wa kuinstoli, kabla ya chochote kurekebishwa, dirisha la hatua za kuinstoli linaweza kuwa refu kuliko kioo cha 800 kwa 600. Kitufe cha kuendelea kinakuwa chini, nje ya kioo, hakionekani. Mtu anakaa anatazama ukurasa wa kuchagua diski hajui aende wapi. Mwambie ashikilie Alt, abonyeze popote ndani ya dirisha lile kwa kipanya na kulisukuma juu. Paa la dirisha litapanda nje ya kioo na kitufe kitachomoza chini. Kwenye Ubuntu ya kawaida yenye GNOME, anashikilia ufunguo wenye alama ya Windows badala ya Alt. Hana haja ya kuchagua safe graphics kwa sababu hiyo.

Ubuntu hiyo ya kawaida ina jambo jingine. Toleo la 22.04 linaingia kwa Wayland, mfumo wa kuchora kioo unaotumika badala ya Xorg, na humo xrandr inasoma tu, haibadilishi kitu. Rafiki yako akilalamika kwamba amri zangu hazimsikilizi, mwambie aandike echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikijibu wayland, atoke kwenye akaunti, na pale pa kuandika nywila abonyeze alama ya gia chini kulia na kuchagua "Ubuntu on Xorg". Wewe kwenye Xubuntu 22.04 uko kwenye Xorg tayari.

Kwa wanaotumia programu nyingine za mashine pepe, kanuni ni ileile ya draiva na mjumbe, majina ndiyo yanabadilika. Kwenye VMware mjumbe wa Linux ni kifurushi cha open-vm-tools-desktop, na wengi wanaweka open-vm-tools pekee wakakosa kipande cha picha. Kwenye KVM na virt-manager ni spice-vdagent. Hyper-V ndiyo ina tabia yake: kwa dirisha la kawaida haimfuati mtu anapovuta, ukubwa unaupanga kwa kuongeza maneno kama video=hyperv_fb:1366x768 kwenye faili lilelile la grub tulilohariri leo. Mgeni akiwa Windows, fungua Device Manager. Ukiona "Microsoft Basic Display Adapter" basi draiva haijawekwa, endesha CD ya Guest Additions na uwashe upya. Na mwenye laptopu mpya yenye kioo cha 4K, akiona Xubuntu ina maandishi madogo kama chungu, resolusheni yake iko sawa kabisa. Aende "Settings" ya mashine kwenye VirtualBox, "Display", aongeze "Scale Factor".

Fanya haya ya leo kwa mpangilio niliokupa: zima, ondoa 3D, chukua snapshot, jaribu kwa herufi e, ndipo uandike kwenye grub. Kioo kikiwa cheusi tena hata bila 3D, washa upya ushikilie Shift, bonyeza e na urudishe nomodeset kwa mkono ili uingie, kisha uniandikie mambo mawili: ujumbe wa kerneli kuhusu vmwgfx wa jaribio lililoshindwa, utaupata kwa kuandika sudo journalctl -k -b -1 | grep vmwgfx, na picha ya ukurasa wako wa "Display". Nitumie kabla ya wiki ijayo, nami nitakujibu tuimalize kazi yako ya darasani.